Ritifaa

Saa mbili kasoro, Mwaloni kumeshanuka dagaa,
korongo wawili wanagombea utumbo juu ya bati letu,
nami nawasha kompyuta ya chama.
Barua arobaini na tatu za mikopo zinangoja,
na wenye barua wanangoja, chini, juu ya magunia.

Nafungua waraka. Kabla karatasi haijatokea
dirisha dogo linanirukia usoni:
KOSA. Sawa, au Msaada?
Nabonyeza Sawa. Si sawa.
Nabonyeza Msaada. Hakuna mtandao.
Nazima, nawasha, kama wafanyavyo wote
wasiojua wanachofanya.
KOSA.

Jana ilikuwa inafanya kazi.

Nampigia Bituro, fundi wa Barabara ya Pamba.
Umegusa nini?
Sijagusa kitu.
Umegusa nini, dada?

Nimegusa kidogo.
Bwana Malemi alipostaafu kwenda kulima mpunga Magu
alituachia makro: ukifungua waraka tu
inajaza tarehe, inajaza namba ya mkopo,
na chini kabisa, Karani: Malemi.
Miezi minane natia saini juu ya jina la mtu
aliye matopeni. Jana jioni, ofisi tupu,
nikaingia kwenye kihariri, nikamfuta
pamoja na vile vijialama vilivyomshika huku na huku
kama vibanio vya nguo kwenye kamba,
nikaandika langu.

Shika Alt, piga F kumi na moja, anasema Bituro.
Chumba cha nyuma kinafunguka,
kama kuingia jikoni kwa hoteli uliyozoea kula.
Mistari, mistari, na huu hapa:

Karani = Ng'washi

Soma rangi, anasema. Ng ni nyeusi, iliyobaki kijani.
Kijani ni maoni. Mashine haisomi maoni.
Ikikuta ritifaa inajua fundi anajisemesha,
inaruka mstari wa chini.
Sasa inauliza, Ng ni nani?

Ng ni nani.
Aliwahi kuuliza mwalimu wa darasa la kwanza,
mgeni wa mbali, akaniandikisha Nguwashi.
Aliuliza binti wa benki. Kwenye cheti cha mwanangu
pana nafasi tupu katikati ya jina la mama,
pengo la jino lililong'oka.
Bibi alinipa jina likiwa zima.
Linaanzia puani, halimtii mtu mwenye haraka.

Lakini pale chini kwenye magunia
kuna Ng'wigulu, kuna Ng'wasi,
na barua zao hutoka kila mwezi. Wao je?

Wao wako ndani ya alama za usemi, dada.
Aliye ndani ya alama ni maneno tu,
mashine inambeba alivyo.
Wewe umejiweka wazi,
ikadhani wewe ni amri.

Mimi, amri! Nacheka peke yangu
mpaka korongo mmoja anahama bati.

Narudisha vijialama. Kimoja mbele, kimoja nyuma.
Umeme unakatika.

Sikuwa nimehifadhi.
Jenereta la muuza barafu linakohoa, linashika.
Ng'wigulu anapanda ngazi kuuliza kama leo ni leo au kesho.
Namwambia leo. Sina uhakika.

Saa nne na robo. Alt, F kumi na moja, vijialama, hifadhi,
funga, fungua.
Karatasi inatokea, nyeupe, bila neno la ziada,
na chini kabisa nipo, na kijiti changu.

Kabla ya kuchapa narudi jikoni mara moja.
Juu ya mstari wangu naweka ritifaa, peke yake, mwanzoni,
kisha naandika polepole, na yote yanageuka kijani:

'hapa alikuwa Malemi. makro hii ni yake.

Mashine imepita bila kutazama.
Bituro anataka elfu tano, nimtumie kwa simu.
Naenda dirishani na barua ya kwanza, naita jina,
lote.